Bangi na dawa iliyomo ndani yake

Majuma mawili yaliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia jioni akiwa na chupa ndogo ya mafuta mkononi. Mwanawe ana kifafa. Muuzaji alimwambia kuwa mafuta yale yametokana na bangi, na kwamba huko Ulaya madaktari wameacha vidonge, sasa wanatibu kifafa kwa bangi. "Mwalimu," akaniuliza, "wewe unayesoma, ni kweli haya?"

Nilimwambia ni kweli nusu. Nikamsihi asimpe mtoto mafuta yale kabla ya kumwona daktari, wala asikatize vidonge vyake hata siku moja. Ile nusu ya kweli ina historia ndefu, nayo ndiyo nataka tuizungumze leo.

Neno bangi lenyewe lina asili ya Bara Hindi, na huko ndiko daktari mmoja wa Kiayalandi, William O'Shaughnessy, alikoikuta. Alikuwa akifundisha udaktari mjini Calcutta. Wahindi walikuwa wameitumia kama dawa kwa karne nyingi. Yeye alichofanya ni kuijaribu kwanza kwa wanyama, kisha kwa wagonjwa wa baridi yabisi, kipindupindu, pepopunda na kichaa cha mbwa, na hata kwa mtoto mchanga mwenye degedege. Mwaka 1839 alitangaza matokeo yake. Hakudai kuwa bangi inaponya kichaa cha mbwa. Mgonjwa wake alikufa, ila alikufa kwa mateso yaliyopungua, na daktari aliandika hivyo hivyo.

Baada ya hapo dawa ya matone ya bangi ikauzwa London kwa miaka mingi. Shida yake ilikuwa moja: hakuna aliyejua nguvu ya chupa aliyonunua. Chupa hii ilikuwa kama maji, ile ikamlevya mgonjwa kwa kipimo kile kile. Mwaka 1890 Russell Reynolds, daktari wa Malkia Victoria, aliisifu dawa hiyo, lakini akawaonya wenzake waanze na kipimo kidogo mno. (Wako wanaosimulia kuwa Malkia mwenyewe aliitumia. Ushahidi haupo.) Kasumba ilikuwa imekwisha kutolewa mofini tangu mwanzo wa karne hiyo, ikapimika kama chumvi. Utomvu wa bangi ulikuwa mafuta mazito yaliyogoma kutengana. Basi sindano ya mofini na aspirini vikaipita. Ilifutwa katika orodha rasmi ya dawa ya Uingereza mwaka 1932, na ya Marekani mwaka 1942. Sheria kali za miaka ile zilichangia, sikatai, lakini anayesema ni hila za wakubwa peke yake anaisahau ile chupa isiyopimika.

Aliyelifungua fumbo hilo ni mkemia Raphael Mechoulam wa Israel, aliyefariki mwaka 2023. Akiwa kijana aliomba hashishi kwa polisi mjini Tel Aviv, wakampa kilo 5, akapanda nazo basi huku abiria wakishangaa harufu. Mwaka 1963 yeye na wenzake walieleza muundo wa kanabidioli, na mwaka 1964 wakaipata THC ikiwa safi. Hapo ikajulikana kuwa kinacholevya ni THC. Kanabidioli hailevyi.

Mwaka 1980 madaktari wa Brazil, wakishirikiana na Mechoulam, waliwapa kanabidioli wagonjwa 8 wa kifafa ambao vidonge vilikuwa vimewashinda. Wanne karibu waache kabisa kuanguka, watatu wakapata nafuu, mmoja hakusaidika. Wengine 7 walipewa dawa bandia, na mmoja tu kati yao akapata nafuu. Watu 15 ni wachache, lakini kwa habari kama hiyo ungedhani dunia ingekimbilia. Dawa ya kanabidioli iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Miaka 38! Jina la bangi liliwatisha watu hata pale palipokuwa hapana ulevi ndani yake.

Na dawa hiyo ni nini? Ni dawa ya kunywa yenye kanabidioli iliyosafishwa, inayopimwa kwa uzito wa mtoto, na mara nyingi hutolewa pamoja na vidonge vingine. Iliidhinishwa kwa aina za kifafa zilizo adimu na sugu. Inaweza kulisumbua ini, kwa hiyo damu hupimwa. Kadhalika dawa za THC, zilizokubaliwa Marekani mwaka 1985, ni za kuzuia kutapika kwa wagonjwa wanaotibiwa saratani. Saratani yenyewe haziiponyi.

Mafuta ya mitaani ni jambo jingine. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 84 za kanabidioli zilizonunuliwa kwenye intaneti. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa ni 26 tu, na 18 zilikutwa na THC. Ni ile ile chupa ya London.

Chupa ya yule mama haikuandikwa kiasi chochote, ila picha ya jani. Jumatatu aliipeleka kliniki pamoja na mtoto. Daktari alimpandisha mtoto kwenye mizani, akafungua kadi, akakuta kwamba kipimo cha vidonge ni kile kile alichoandikiwa miaka miwili nyuma, alipokuwa mdogo.