Jinsi ya kutambua na kurekebisha multimita inayodanganya

KATIKA vibanda vya mafundi wa juakali mjini Voi, multimita ya dijitali ni chombo cha lazima kwa anayeunganisha nyaya za nyumba, anayetengeneza redio au anayefunga paneli za sola. Hata hivyo, chombo hiki kinapotoa vipimo visivyo sahihi, hasara huwa kubwa. Mteja hushauriwa kununua betri asiyoihitaji, au fundi hushika waya wenye umeme akiamini kuwa hauna.

Kipimo cha aina hii, kinachopima volti, ampea na omu kwa pamoja, kilibuniwa Uingereza mwaka wa 1923 na Donald Macadie, mhandisi wa shirika la posta. Vya mwanzo vilikuwa na mshale. Siku hizi tarakimu huonekana wazi kwenye kioo, na ndizo zinazowafanya wengi waamini kila wanachokiona.

Habari njema ni kwamba kasoro nyingi ni ndogo na fundi anaweza kuziondoa mwenyewe, mradi afuate utaratibu.

Cha kwanza kuchunguzwa ni betri ya multimita yenyewe, ambayo katika mita nyingi za bei nafuu huwa ya volti 9. Mita hulinganisha umeme unaopimwa na volti maalumu inayotengenezwa ndani yake. Betri inapodhoofika mno, volti hiyo ya kulinganishia hushuka, na kioo huonyesha kiwango kilicho juu kuliko ukweli.

Hatari yake ni dhahiri kwa wakazi wa Taita Taveta wanaotegemea sola. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzishwa huwa na takriban volti 12.7; ikifika 12.0 imebaki na chaji kidogo tu. Mita yenye betri dhaifu inaweza kuonyesha kuwa betri hiyo imejaa, na mwenye nyumba akabaki gizani usiku bila kuelewa sababu. Kwa hivyo, betri ibadilishwe mara tu alama ya betri inapojitokeza kwenye kioo.

Pili ni nyaya za kupimia. Fundi aweke swichi kwenye omu 200, kisha agusanishe ncha zote mbili. Kioo kinapaswa kuonyesha nusu omu au pungufu. Tarakimu zikirukaruka nyaya zinapotikiswa, basi waya umekatika ndani, mara nyingi karibu na mshikio au plagi. Nyaya zilizochubuka zisifungwe utepe na kutumiwa kupima umeme wa nyumba wa volti 240, zinunuliwe mpya.

Tatu ni fyuzi. Mita inayopima volti vizuri lakini inaonyesha sufuri kwenye ampea huenda imeungua fyuzi, aghalabu kwa sababu mtu alipima volti huku waya ukiwa kwenye tundu la ampea. Fyuzi mpya iwe ya kiwango kile kile kilichoandikwa. Kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pake ni kualika moto. Ikumbukwe pia kwamba tundu la ampea 10 katika mita nyingi za bei nafuu halina fyuzi kabisa.

Nne ni uchafu. Vumbi la Voi hupenya hadi kwenye swichi ya kuzungusha, ilhali ukungu wa milima ya Taita, kama vile eneo la Wundanyi, huacha unyevu unaopitisha umeme mahali pasipofaa. Kabla ya kufungua mita, nyaya ziondolewe kwenye chochote kinachopimwa. Vikwaruzo vya swichi vipanguswe kwa spiriti na kuachwa vikauke. Fundi awe mwangalifu, kwani gololi na springi ndogo za swichi huruka na kupotea.

Baada ya hapo, fundi atazame kasoro iko wapi. Kipimo kikikosea kwenye omu pekee, huenda mtu alipima omu kwenye saketi yenye umeme na kuunguza rezista. Kikikosea kwenye kiwango kimoja cha volti, rezista au mguso wa kiwango hicho ndio wenye lawama. Iwapo viwango vyote vya volti vinakosea kwa uwiano mmoja, basi volti ya kulinganishia ndiyo iliyohama.

Ni katika hali hii ya mwisho tu ndipo skrubu ndogo ya kurekebishia iliyo ndani huguswa. Mita ilinganishwe na nyingine inayoaminika, zote zikipima betri moja ya gari, na skrubu izungushwe kidogo kidogo. Kazi hii ifanywe asubuhi au kivulini, kwa kuwa mita nyingi huhakikishiwa usahihi katika nyuzijoto kati ya 18 na 28.

Umeme wa nyumba usitumiwe kama kigezo, kwa sababu hupanda na kushuka. Isitoshe, mita yenye kosa la asilimia 1.2 na tarakimu 10 inaweza kuonyesha kati ya 227 na 253 kwa umeme wa volti 240, na bado ikawa nzima.

Aidha, multimita ya kawaida isitumiwe kupima ua wa umeme wa kuzuia ndovu kuingia mashambani. Ua huo hutoa mipigo ya maelfu ya volti, ilhali mita nyingi hazivumilii zaidi ya 600 au 1,000. Kuna kipimo maalumu cha ua.

Kwa usalama, fundi apime kwanza mahali anapojua pana umeme, kisha waya anaotaka kuugusa, halafu arudie pale pa kwanza. Mita ikinyamaza mara ya tatu, jibu la pili halifai kuaminiwa.

Wanaohitaji usahihi unaothibitishwa kwa cheti wanaweza kutafuta huduma za maabara ya vipimo ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Na mita iliyopasuka ganda au kuungua ndani haistahili kurekebishwa: bei ya mpya ni ndogo kuliko thamani ya uhai.