Asili Tatu za Kitenzi Kimoja: Historia ya "be" katika Kiingereza

Kitenzi kishirikishi cha Kiingereza kina maumbo manane: be, am, is, are, was, were, been na being. Kwa kuwa mengi kati yao hayafanani, mara nyingi hufundishwa kama mambo ya kukaririwa tu. Hata hivyo, historia yaonyesha kuwa kutofanana huko kuna sababu.

Ulinganishaji wa lugha za Kihindi-Kiulaya umebainisha kuwa kitenzi hiki kimeunganisha mizizi mitatu. Am na is zatokana na mzizi wenye maana ya kuwapo. Be na been, na mzizi wa kukua au kugeuka. Was na were, na mzizi wa kukaa mahali.

Katika Kiingereza cha Kale, kabla ya karne ya 12, kulikuwa na seti mbili za wakati uliopo. Seti ya eom aghalabu ilitaja hali ya sasa, na ile ya beo ilipendelewa kwa mambo ya daima na yajayo. Ælfric, katika sarufi yake ya Kilatini ya karibu na mwaka 1000, alikifasiri kitenzi cha wakati ujao kwa beo. Baadaye shall na will zilitwaa kazi ya wakati ujao, na tofauti hiyo ikafifia. Katika wingi, are ya lahaja za kaskazini, walikolowea Wanorsi tangu karne ya 9, ilienea kusini polepole. Hata Biblia ya Kiingereza ya 1611 yatumia are na be pia kwa wingi.

Historia hii yafaa kukumbukwa kila inapodaiwa kuwa Kiswahili kimepungukiwa na kitenzi cha namna hii. Ni haichukui kiambishi cha nafsi wala cha wakati. -Li ingali hai katika "aliye" na "palipo". Kuwa hushika nyakati nyingine, na hubeba maana ya kugeuka, kama katika "amekuwa mwalimu". Huo si upungufu, bali ni mgawanyo wa kazi, ambao Kiingereza nacho kilikuwa nao. Basi mfasiri akutanapo na is hana budi kuuliza kwanza iwapo yataja sifa, mahali au kuwapo, ndipo achague kati ya "ni", "yuko" na "yupo".