Nikeli Iliyojificha Ndani ya Mbegu ya Kanavalia

Mwaka 1926, katika Chuo Kikuu cha Cornell mjini Ithaca, Marekani, mwanakemia mwenye mkono mmoja alitazama kwenye darubini akaona fuwele ndogondogo. James Sumner alikatwa mkono wa kushoto akiwa na miaka 17, baada ya ajali ya bunduki mawindoni, naye alikuwa mtu wa kutumia mkono huo. Otto Folin wa Harvard alimshauri asome sheria, kwa kuwa mwenye mkono mmoja hataiweza kemia. Sumner hakusikia, na sayansi ina deni kwa ukaidi wake.

Tangu 1917 alikuwa akisaka ureasi, kimeng'enya kinachoivunja urea ikatoa amonia. Ureasi imo hata udongoni, ndiyo maana mkulima huifukia mbolea ya urea isije ikapotea hewani. Sumner aliitafuta kwenye unga wa mbegu za kanavalia, mmea wa jamii ya kunde wenye ureasi kwa wingi wa ajabu. Mwishowe aliuloweka unga katika asetoni iliyozimuliwa, akachuja, akaacha maji yake kwenye baridi usiku kucha. Kulipokucha, fuwele zilikuwa zimejiunda, na zilikuwa protini. Richard Willstätter wa Ujerumani, mshindi wa Nobeli ya 1915, alishikilia kwamba vimeng'enya si protini. Ilichukua miaka kumaliza ubishi huo; Sumner alipata Nobeli yake mwaka 1946.

Mwaka 1930, yeye na Karl Myrbäck wa Stockholm walichapisha utafiti kuhusu namna metali nzito zinavyoizima ureasi. Fedha au zebaki kidogo tu hutosha. Metali hizo huing'ang'ania salfa iliyo kwenye sisteini, mojawapo ya viungo vya protini, na kimeng'enya hukwama kama kufuli lililovunjikiwa ufunguo ndani. Kwa kutazama hayo tu, mtu angeapa kwamba ureasi na metali nzito haviwezi kukaa nyumba moja.

Mwaka 1975, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakaikuta nikeli ndani ya ureasi ya kanavalia. Haikuwa uchafu, bali ndiyo inayofanya kazi. Fuwele za Sumner zilikuwa nayo muda wote, karibu nusu karne, bila mtu kujua. Nauona ugunduzi huu kuwa mkubwa kuliko unavyosifiwa: metali ileile inayoua mmea ikizidi, mmea hauwezi kuikosa kabisa. Mwaka 1983 watafiti wa Ithaca walionyesha kwamba soya isiyopata nikeli hulimbikiza urea hadi ncha za majani zikafa.

Basi mmea hujikingaje metali zikizidi? Jibu lilianzia Munich mwaka 1985, pale Erwin Grill, Ernst-Ludwig Winnacker na Meinhart Zenk walipoeleza fitokelatini, minyororo mifupi yenye salfa nyingi inayoikamata metali nzito kama kadimiamu kabla haijavifikia vimeng'enya. Mwaka uliofuata walikuta kwamba mimea ya jamii ya kunde ina aina yake, inayotokana na homoglutathioni, molekuli ndogo yenye salfa. Kimeng'enya kinachoiunda minyororo hiyo huamshwa na metali yenyewe, na hutulia metali ikishafungwa yote. Lakini ulinzi huo una gharama: homoglutathioni inayotumika hapo ndiyo ambayo maharage na soya huihitaji pia kupambana na sumu za oksijeni, ambazo kadimiamu hiyohiyo huzizidisha.