Maji ya Kunywa Angani

Mtambo wa kurejesha maji ulipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga Novemba 2008, ndani ya chombo cha anga Endeavour. Hukusanya mkojo, jasho na unyevu wa pumzi za wanaanga, kisha huvigeuza kuwa maji safi. Waliyanywa kwa mara ya kwanza Mei 2009.

Duniani, maji yakichemka, mvuke hupanda na majimaji hubaki chini. Kituoni hakuna juu wala chini, na mapovu hunaswa ndani ya maji. Ndiyo maana mkojo hutiwa kwenye pipa linalozunguka: majimaji hubanwa ukutani, mvuke hubaki katikati na kufyonzwa.

Ugumu mkubwa ulitoka mwilini mwa wanaanga wenyewe. Wasipobeba uzito wao, mifupa hupoteza kalisi, nayo hutoka na mkojo. Ilipokutana na asidi ya salfuri iliyotumika kuuhifadhi mkojo, iligeuka chenga ngumu zilizoziba mtambo. Wahandisi walilazimika kutumia asidi ya fosfori badala yake. Hili pekee latosha kuonyesha kwa nini mitambo hii lazima ijaribiwe huko huko juu.

Hewa nayo husafishwa: kabonidioksidi hunaswa na madini ya zeolaiti, na oksijeni hupatikana kwa kuyatenganisha maji kwa umeme.

Mwaka 2023, NASA ilitangaza kuwa kituo kimeweza kurejesha asilimia 98 ya maji yake. Watakaokwenda Mirihi watahitaji kiwango hicho, kwa kuwa hakuna shehena ya maji itakayowafuata.