FATAKI: HISTORIA YA KITU NA YA JINA LAKE

Katika kazi ya kutafsiri, vitu vinavyotusumbua zaidi aghalabu si vile vikubwa. Bunduki haimpi mfasiri taabu, wala mtutu, wala baruti. Taabu huanza anapofika kwenye kitako cha ganda la risasi na kukuta, pale katikati, kikombe kidogo mno cha shaba chenye upana wa milimita 5 hivi, ambacho hupigwa na pini ya bunduki na kuiwasha baruti. Mfasiri mmoja ataandika "kiwashio", mwingine "kichocheo", na wa tatu, kwa uvivu, "baruti ya nyuma". Wote watatu watakuwa wamesahau kwamba Kiswahili kina jina la kitu hicho tangu zamani, na kwamba jina hilo limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939: fataki.

Wazee wa Pwani walizipambanua bunduki kwa namna zilivyowashwa. Palikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi unaofuka moto. Palikuwa na gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Kisha ikaja bunduki ya fataki, ambayo kifa chake kilivikwa kikofia cha shaba chenye unga unaolipuka ukigongwa. Upambanuzi huu haukuwa wa mazungumzo ya barazani tu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliokusudiwa kuzuia biashara ya watumwa, ulipiga marufuku uingizaji wa bunduki za kisasa katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta, lakini ukaruhusu, kwa masharti, gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu. Basi, mkalimani wa forodhani asiyejua tofauti ya gumegume na fataki angeweza kumtia mfanyabiashara matatani, au kumtoa matatani asikostahili kutolewa.

Asili ya neno lenyewe yaelekea Bara Hindi. Fatakii za Kiswahili na fataka za Kimarathi, yaani zile baruti za sherehe, zimekaribiana mno kwa sauti na kwa maana hata ni vigumu kuamini kwamba zimekutana kwa bahati. Asili ya kitu ni kwingine. Mwaka 1800 Mwingereza Edward Howard alieleza jinsi ya kupata chumvi ya zebaki ambayo hulipuka kwa kugongwa tu. Mwaka 1807 kasisi mmoja wa Scotland, Alexander John Forsyth wa Belhelvie, alipata hataza ya kifyatulio kilichotumia unga wa aina hiyo. Kasisi huyo alikuwa mwindaji wa ndege, na alichukizwa na jinsi mmweko wa gumegume ulivyowashtua ndege kabla risasi haijawafikia. Kikofia cha shaba kilifuata baadaye. Wanaodai kukibuni ni wengi, na mmoja wao, Joshua Shaw, alipewa hataza nchini Marekani mwaka 1822.

Mabadiliko makubwa yalitokea mwaka 1866. Fataki ilitoka nje ya bunduki ikaingia ndani ya kitako cha ganda. Mwaka huo huo watu wawili walitoa njia mbili. Hiram Berdan, Mmarekani, aliliacha fuawe dogo, yaani kile kichongo ambacho unga hubanwa juu yake unapopigwa, liwe sehemu ya ganda, na matundu ya kupitishia moto yakawa pembeni mwake. Edward Boxer, Mwingereza, alilitia fuawe ndani ya fataki yenyewe, na ganda likabaki na tundu moja katikati. Kwa kichekesho cha historia, njia ya Mmarekani ndiyo iliyoenea Ulaya, na ile ya Mwingereza ndiyo iliyoenea Marekani. Hata risasi za Uingereza za .303, zilizobebwa na askari wengi wa Afrika Mashariki, zilikuwa za Berdan.

Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo lililoamua ni wapi mtu wa kawaida angeweza kujaza risasi zake nyumbani. Ganda la Boxer husukumwa sindano kupitia mdomoni, ikapenya tundu la katikati, na fataki iliyotumika ikaanguka. Ganda la Berdan halikubali hivyo. Sindano hugota kwenye fuawe. Kwa kuwa ganda la shaba ya manjano ni sehemu ya gharama kubwa, nalo hufaa kutumika tena na tena, Wamarekani walifanya kujaza upya kuwa kazi ya nyumbani. Wawindaji wa nyati wa miaka ya 1870 walijaza maganda yao kambini. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal kuuza zana za kazi hiyo. Mwaka 1943 Fred Huntington alianzisha RCBS huko California. Na mwaka 1958 Richard Lee akaanza kuuza kifaa chake cha bei nafuu.

Sasa tufike kwenye kitenzi, maana hapa kosa la mfasiri laweza kukata vidole vya mtu. Fataki mpya inapoingizwa katika ganda husukumwa kwa nguvu ya polepole hadi fuawe lake liguse chini, na uso wake ubaki ndani kidogo ya usawa wa kitako, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikijitokeza juu, bunduki yaweza kukataa kulia, kwa kuwa pigo la pini huishia katika kuishindilia. Au, katika bunduki zinazojijaza zenyewe, yaweza kulipuka kabla kifyatulio hakijaguswa. Basi mfasiri asiandike "kugongomea fataki" wala "kupigilia fataki". Vitenzi hivyo ni vya msumari na nyundo, na anayevifuata atakuwa anagonga kitu kilichotengenezwa kilipuke kikigongwa. Fundi wetu wa gereji akitia beringi husema "haijakaa", kisha "sasa imekaa". Kitenzi tunacho: kukalisha fataki.

Neno risasi nalo lina hatari yake. Kwetu ni madini, ni kile kipande kiendacho mbali, na ni kitu kizima pamoja na ganda lake. Unga wa zebaki ulidhoofisha shaba ya maganda, ukaachwa. Unga wa kloreti uliacha chumvi iliyotia mitutu kutu, nao ukaachwa na wengi. Fataki nyingi za leo zina chumvi ya madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kitabu cha usalama kikisema "osha mikono baada ya kushika mabaki ya risasi", msomaji ataelewa nini? Yapasa iandikwe "madini ya risasi" kila mara, hata kama sentensi itarefuka. Kwa kitu kizima wazee walisema kiasi cha bunduki, na mimi ningependa kukiona kikirudi, ingawa nakiri kwamba kiasi cha leo kimeshughulika mno na fedha na vipimo.

Wapo watakaosema kwamba fataki imeharibika, kwa kuwa sherehe za mwaka mpya zimeichukua, na tangu kampeni ya redio ya mwaka 2008 hivi Watanzania humwita fataki mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Mwalimu atalitaja neno darasani na wanafunzi watacheka. Wacheke. Maana ya tatu haikuiua ya kwanza, na muktadha wa ganda na baruti haumwachi mtu na shaka.

Limebaki shimo lenyewe katika kitako cha ganda, ambalo fataki hukalia. Wazee hawakuliachia jina, kwani fataki yao ilivikwa juu ya kifa, haikutumbukizwa. Napendekeza kikalio cha fataki, kutokana na kitenzi kile kile. Msomaji aliyewahi kusikia kwa mafundi wa bunduki jina lililo bora kuliko hili na atuandikie.