Darasa la Wanaoongoza Vyuo

Mwaka 1922 chuo cha ufundi kilifunguliwa kwenye kilima cha Makerere, Kampala, kikiwa na wanafunzi 14, wavulana watupu, waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Kaulimbiu ya chuo ilikuwa "Tuwe wanaume". Ilidumu zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1945 wakaingia wasichana sita, na maneno yale yakawa hayatamkiki tena mbele yao. Chuo kikajipatia mengine, "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo".

Maneno ya kwenye nembo hubadilishwa katika kikao kimoja. Wanaokaa kwenye kikao hicho ndio huchukua muda mrefu kubadilika.

Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilianza na hatua ndogo vilevile. Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, darasa la kwanza la sheria lilikuwa na wanafunzi wachache, na mwanamke kati yao alikuwa mmoja tu, Julie Manning. Mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Kipaji hakikukosekana, milango ndiyo iliyokuwa myembamba. Makerere ilisubiri hadi mwaka 1990 kuanza kuwaongezea wasichana alama 1.5 wanapoomba nafasi, maana walikuwa bado chini ya theluthi moja ya wanafunzi.

Alama hizo zilijaza madarasa. Lakini nani agawiwe chumba bwenini, nani apandishwe cheo, malalamiko ya binti anayesumbuliwa na mwalimu wake yapelekwe kwa nani: hayo huamuliwa na wakuu wa vitivo, seneti na makamu mkuu wa chuo. Na viongozi hao, karibu kila mahali duniani, waliteuliwa kwa usomi wao bila kufundishwa uongozi. Bingwa wa fizikia analala mhadhiri, anaamka mkuu wa kitivo mwenye bajeti na watu mia chini yake.

Wazo la kuwafundisha lina historia yake, na mmoja wa watu wake ni Lilli Hornig, mkemia aliyezaliwa Chekoslovakia. Alipofika Los Alamos, Marekani, kulikotengenezwa bomu la atomiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa na shahada ya uzamili kutoka Harvard, swali alilokutana nalo ni kama anajua kupiga taipu. Akaishia kufanya utafiti wa plutoni. Miaka ya sabini alikuwa Brown, chuo kikuu kilichoongozwa na mumewe Donald, na huko mwaka 1972 wanawake wa vyuo vya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, wakaunda mtandao ulioitwa HERS, Hornig akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu.

Sheria ilifungua mlango, ila haikumfundisha mtu kusoma mahesabu ya chuo. Ndiyo maana mwaka 1976, kwenye chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, Pennsylvania, HERS ilianzisha mafunzo ya bweni wakati wa likizo ya kiangazi. Wanawake waliokwisha kuwa wahadhiri na maofisa walirudi kuwa wanafunzi kwa wiki kadhaa: fedha zinatoka wapi na zinakwenda wapi, maamuzi yanapita ofisi gani, mkataba unajadiliwa vipi, wajumbe wanaopingana wanasikilizwa vipi. Hapa ndipo hekima ya mpango ule ilipo. Mtu anaweza kutetea walemavu, maskini na wanawake kwa moyo wote, lakini asipojua fungu la ukarabati wa majengo linapitishwa lini, ngazi zitabaki ngazi na kiti cha magurudumu kitabaki nje.

Wanawake wa Afrika Kusini waliosoma Bryn Mawr walirudi na mbegu hiyo, na miaka ya mwanzo ya 2000 mafunzo ya namna hiyo yakawa yanafanyika Cape Town, kwenye nchi ambayo sheria ya mwaka 1959 ilikuwa imetenganisha vyuo vikuu kwa rangi. Mwongo mmoja baadaye yakafika Kampala kwa jina la HERS Afrika Mashariki. Miongoni mwa waanzilishi ni Margaret Khaitsa, msomi Mganda wa tiba ya mifugo anayefundisha Marekani.

Wapo waliotangulia bila darasa hilo, na wanastahili heshima ya pekee. Leah Marangu aliongoza chuo kikuu cha Africa Nazarene nchini Kenya tangu miaka ya tisini. Olive Mugenda akawa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2006, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika chuo cha umma nchini humo. Mwaka uliofuata, Busitema, mashariki mwa Uganda, ilimpata Mary Okwakol, mtaalamu wa zuolojia, ambaye baadaye alipewa kuongoza baraza la taifa linalosimamia vyuo vikuu vyote vya Uganda, Makerere ikiwemo.