Nyani Haoni Kundule: Kosa, Ukweli na Mkulima wa Mbozi

Nisafiripo kutoka Tunduma kuelekea Mbeya, barabara hunipitisha Mbozi, wilaya ya kahawa. Hapo hukumbuka swali ambalo wanafunzi hulidharau kwa wepesi wake: kosa ni nini?

Mwongo anaujua ukweli, akauficha. Mkosaji hayuko hivyo. Yeye anaamini; na kwa aliye ndani yake, kosa lina sura ileile ya ukweli. Ndiyo maana binadamu hajisahihishi akiwa peke yake. Wahenga walisema: nyani haoni kundule.

Mwalimu Nyerere alilifahamu jambo hili mapema. Mwaka 1962 aliandika kijitabu *Tujisahihishe*, akiwahimiza wana-TANU wakosoane na kuupokea ukweli bila kujali cheo cha anayeusema. Hata hivyo, mwaka 1972 serikali yake ilizifuta halmashauri za wilaya kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Mwaka 1976 ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, na mazao yakakabidhiwa mashirika ya umma.

Sisemi kwamba ushirika ulikuwa safi. Tume maalumu ya Rais ya mwaka 1966 ilikwisha kueleza uzembe na ubadhirifu uliokuwamo. Lakini dawa iliyotolewa ilimpofusha mganga mwenyewe. Halmashauri na ushirika, pamoja na kasoro zake, vilikuwa mahali ambapo mkulima aliweza kumwambia kiongozi, "Hapa umekosea." Vilipoondolewa, dola haikupoteza vyombo vya utawala na biashara tu; ilipoteza macho ya kulionea kosa lake. Hilo kwangu ni kosa la daraja la pili: kosa linaloziba njia ya kugunduliwa kwake.

Sheria za mwaka 1982 zilirejesha serikali za mitaa na vyama vikuu vya ushirika. Mwaka 1984, katika mahojiano, Mwalimu alikiri kwamba kama angeanza upya, mambo hayo mawili asingeyafanya. Ungamo hilo lina heshima yake, kwani viongozi wengi hufa nalo kifuani. Lakini lilikuja baada ya miaka 12 tangu halmashauri kufutwa, na gharama ya miaka hiyo aliilipa mkulima.

Basi, mtumishi wa umma anayesoma haya asijiulize tu kama uamuzi wake ni sahihi. Ajiulize: ikiwa nimekosea, nani ataniambia, na je, nimemwachia nafasi ya kusema?